Firigisi ya Zuhura

Sitaanza na baba yangu wala mama yangu. Walikuwa watu wema na hawahusiki na haya. Nitaanza na sahani ya pilau niliyoibeba mwenyewe kwa mikono miwili, chini ya turubai, siku tuliyomzika senge Resipa nyumbani kwake Lugulu. Senge ni dada ya baba, na huyu ndiye aliyenifundisha cherehani. Waombolezaji walikuwa wengi, mvua ilikuwa inatishia, na mimi nilikuwa nasambaza chakula pamoja na wanawake wa kanisa, sote tumefunga vitambaa vyeupe kichwani. Zuhura, niliyejifunza naye cherehani, alikuwa amefika kutoka mjini Bungoma pamoja na Salma, binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu. Nilipowawekea sahani, Salma aliitazama ile nyama, akamnong'oneza mama yake, "Mama, nani amechinja?" Lilikuwa swali la haki. Mwislamu huliuliza katika matanga ya Wakristo na sisi hulitarajia. Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa tumemwita kijana Mwislamu aje amchinje fahali. Nikafungua mdomo nimweleze. Zuhura akanitangulia. "Kwa nyumba ya senge hatuulizi," akamwambia binti yake. "Tangu niwe msichana sijawahi kuuliza." Akatamka bismillahi yake, akala. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya mtungi mtupu wa maji, nikashindwa kurudi kusambaza chakula.

Watu walidhani namlilia senge. Nilikuwa namlilia, ni kweli, lakini si yeye aliyenikalisha juu ya ule mtungi. Karibu miaka arobaini nilikuwa nimebeba jambo moja ambalo hakuna mtu hai aliyelijua ila mimi, na Zuhura alikuwa ametoka kuliweka mbele ya mtoto wake kama zawadi. Kwa sababu ilikuwepo siku moja, siku moja tu, ambayo angepaswa kuuliza.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Senge alikuwa na chumba kimoja kirefu kule Matisi, Kitale, kinachotazama barabara. Mbele kulikuwa na cherehani tatu na meza ya kukatia nguo, na nyuma ya pazia la kitenge ndiko tulikoishi: kitanda cha senge upande wa dirisha, kitanda changu ukutani, jiko la makaa, rafu ya vyombo, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo senge hakutaka iondolewe kwa sababu ilikuwa na picha ya ziwa. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na ya kitambaa kipya, na asubuhi baridi ya Kitale iliingia chini ya mlango mpaka tukafunga miguu kwa vipande vya blanketi tukishona. Nilikaa hapo miezi minne nikiwa peke yangu na senge. Nilikuwa mtoto wake, mwanafunzi wake na mtu wake wa kutumwa. Jioni tulikula kutoka sahani moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena, hata nilipoolewa, na mume wangu akisoma haya asinune, maana anajua.

Kisha akaja Zuhura. Baba yake, Mzee Swaleh, alikuwa ameendesha malori ya mahindi pamoja na marehemu mume wa senge, na mume wa senge alipofariki ni Mzee Swaleh aliyeuleta mwili nyumbani kwa lori lake na kukaa matangani mpaka kaburi lilipofukiwa. Sasa alikuwa amefiwa na mke, anahamia Bungoma kufungua duka, na hakutaka binti yake aache kujifunza kazi Kitale. Nakumbuka walivyosimama mlangoni. Alisema, "Shemeji, nakuachia mtoto. Dini yake anaijua. Kazi ndiyo hajui." Senge akamjibu, "Kazi nitamfundisha. Hiyo dini nitamchungia." Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nikijifanya natia uzi, na nilidhani senge anasema tu vile watu wazima husema mlangoni.

Jumamosi hiyo hiyo alinunua sufuria mpya. Ile ya zamani ilikuwa imewahi kuazimwa na jirani akapikia nguruwe wa Krismasi, na senge hakutaka habari za kusugua kwa majivu. Alitaka sufuria ambayo haina historia. Mimi nilikuwa nimeomba sufuria mpya tangu nifike, maana ile ilivuja. Kitanda changu sasa kikawa cha watu wawili, na kwa kuwa Zuhura aliamka alfajiri kusali, yeye akapewa nafasi ya nje na mimi nikasukumwa ukutani kwenye unyevu. Mkeka wake wa kusalia uliviringwa juu ya sanduku langu. Birika lake la kutawadhia likakaa kando ya beseni langu. Yote haya ningeyavumilia. Lakini siku ya tatu, akiwa anaokota pini sakafuni, alimwita senge "senge." Hilo lilikuwa neno langu. Nilingoja senge amsahihishe, amwambie mwite mama au shangazi kama watu wa kwenu, lakini senge aliitika "eee" bila hata kuinua kichwa.

Wivu una bidii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwajiri. Nilianza kuhesabu. Senge alikuwa akiomba kwa sauti kila asubuhi kabla ya chai, kanisa letu likiwa la Marafiki, wale Quaker, na katika maombi alitutaja kwa majina. Nilihesabu siku nne mfululizo akimtaja "Zuhula" kabla yangu mimi, Nanjala, kwa ile "r" yetu ya Bungoma inayojigeuza ipendavyo. Namna Zuhura alivyosali nayo iliniuma. Alikuwa ananawa, anasimama, anainama, anamaliza, anarudi kitandani na uso uliotulia. Mimi nilikuwa naomba vitu; yeye alikuwa anakwenda kuripoti. Hakuonekana kujiuliza kama amesikika. Mimi nilijiuliza kila siku, na kanisani, zile dakika za kukaa kimya zilipofika, kichwa changu kilijaa mishono ya watu na nani ameangaliwa na nani. Nikaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa nguvu wakati wa sala zake. Hakukasirika. Baada ya wiki mbili alikuwa anazijua, akawa anaziimba chinichini akishona, na senge akacheka akasema, "Huyu akitoka hapa atatuongoza kwaya."

Ilikuwepo pia habari ya kuku. Mwisho wa mwezi senge alinunua kuku, na tangu Zuhura afike ilikuwa sheria kwamba kuku huyo hachinjwi nyumbani. Alibebwa akiwa hai mpaka kwa Mzee Rajabu, mzee wa Kinubi aliyelinda kinu cha kusaga mahindi karibu na barabara, na huyo ndiye aliyemchinja kwa kisu chake, akiwa ameelekea Kibla na kutaja jina la Mungu. Shukrani yake ilikuwa sukari kidogo iliyofungwa kwa karatasi. Kuku akiiva, senge alipakua kwa mkono wake. Kwetu firigisi, tunayoiita imondo, si kipande cha kuokota tu. Anayepewa ndiye anayeheshimiwa mezani. Nyumba ile haikuwa na mwanamume wa kupewa. Miezi yangu minne senge alikuwa akiikata katikati, nusu yake, nusu yangu. Zuhura alipofika, firigisi ilikwenda nzima kwenye sahani yake. Mimi nilipewa bawa. Mwezi uliofuata, bawa. Nilikuwa msichana mkubwa, naweza kushona suti ya mwanamume, na usiku niliota firigisi.

Na tuseme ukweli kuhusu senge, maana watu wengine wakisikia haya hudhani alikuwa mtu wa dini mbili, mguu huku mguu kule. Hakuwa. Siku ya Idi Mzee Swaleh alitualika kwake Bungoma, tukala biriani mpaka nikalegeza mkanda, na wakati wa dua wote walipoinua viganja, senge alikaa mikono yake ikiwa magotini, ametulia, bila kuiga na bila kugeuza uso. Mzee Swaleh akamtania, "Shemeji, kidogo tu uwe wetu." Senge akamwambia, "Hapo sitakudanganya, shemeji. Mimi niko na Yesu mpaka kaburini." Wote wawili wakacheka na akaongezewa nyama. Mimi niliyaona yale nisiyaelewe. Nilifikiri moyo una vijiko vichache vya sukari, ukimpa Mwislamu viwili, Mkristo anabaki na kikombe kitupu.

Katikati ya mwaka kanisa lilimpa senge kazi ya sare za akina mama, gauni thelathini za samawati zenye kola nyeupe. Nilijua mimi ndiye nitakayezikata. Nilikuwa muumini, nilikuwa wa damu, na nilikuwa nimetangulia. Senge akamkabidhi Zuhura mkasi na chaki. Mimi nikapewa vitundu vya vifungo. Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya pazia nikipepeta mchele, Mama Damari, mkuu wa wanawake kanisani, akaingia kutazama kazi, na nikasikia kila neno.

"Resipa, ati ni huyu mtoto wa Kiislamu anakata nguo za kanisa?"

"Ndiye. Mkono wake uko sawa."

"Na Nanjala je?"

"Nanjala anakata kama mtu anafukuza kuku."

Walicheka wote wawili, na kwenye meza ya kukatia nikasikia mkasi wa Zuhura ukisita. Ule mchele niliupepeta mpaka ukamwagika. Kisha Mama Damari akashusha sauti. "Mimi nakuambia kama dada yako. Sufuria yake, nyama yake, saa zake za kusali unazijua kuliko yeye. Siku moja utaamka umekuwa wao."

"Si unajua kusindikiza mgeni?" senge akasema. "Unamsindikiza mpaka pale kwa daraja, halafu unarudi kwako. Mtu anaogopa kusindikiza ni yule hajui njia ya kurudi."

"Hayo ni maneno matamu tu."

"Haya, chukua hii ya ng'ombe. Baba yako si alikuwa anawekewa ng'ombe na rafiki zake awachungie? Yako ikipotea unalia, basi, ilikuwa yako. Ya kuwekewa ikikufia utafanya nini? Unabeba ngozi unampelekea mwenyewe, wewe mwenyewe, na aibu yako. Dini ya huyu mtoto nimewekewa. Yangu iko zizini, imefungwa, silali nikiiwaza."

Mama Damari alitoka bila kunywa chai. Maneno yale ya ng'ombe nimeyarudia mara nyingi kwa watoto wangu, kwa sauti ya mtu aliyeyapokea vizuri. Siku ile nilisikia tu kwamba nakata kama mtu anafukuza kuku.

Sare zilipokamilika, senge alitaka tusherehekee. Alinunua jogoo mkubwa mwekundu kutoka kwa mama mmoja wa Kiminini, akaniita. "Nanjala, peleka hii kwa Mzee Rajabu. Zuhula bado anapiga pasi." Akanipa sukari kwenye karatasi. Ilikuwa Jumamosi, karibu saa nne, jua la Kitale likiwa limetoka vizuri na akina mama wamepanga sukuma kando ya njia. Ningependa kuandika kwamba Mzee Rajabu hakuwepo. Alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake mlangoni mwa kinu, ameinama anarekebisha kandambili yake iliyokatika, mabega yakiwa meupe kwa unga. Nilimkaribia mpaka nikaona kofia yake ilivyoshonwa. Kisha nikapita.

Niliazima kisu kwa mwanamke wa sukuma nikamwambia nakata kamba. Nilikwenda nyuma ya kinu, penye majani marefu ya ng'ombe, nikamchinja yule jogoo mwenyewe. Sikuwahi kuchinja, kwetu hiyo ilikuwa kazi ya wavulana. Nilikata vibaya, akaniponyoka, akakimbia mizunguko miwili shingo ikiwa imelala upande, nikamrukia nikalala juu yake. Sikutaja jina lolote. Sikutaja hata la Yesu, na nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nafanya kwa ajili yake, kwamba hatuwezi kupelekwa na kisu cha wengine katika nyumba ya Mkristo. Hakuna nguo ambayo wivu hupenda kuvaa kama hiyo. Niliosha mikono kwa maji ya mtaro, na ile sukari ya Mzee Rajabu nikailamba njiani mpaka karatasi ikabaki tupu.

"Mzee Rajabu mzima?" Zuhura aliniuliza nilipoingia. Alikuwa ananing'iniza gauni la mwisho.

"Mzima. Anawasalimia."

Senge alipika kwa ile sufuria isiyo na historia, kwa nyanya na dania, mpaka jirani akaja kuuliza kuna mgeni gani. Tukaketi. Senge akaomba kwa jina la Yesu, Zuhura akangoja amina, akatamka bismillahi, na firigisi ikaenda kwake kama kawaida. Nilimtazama akiitafuna. Nilikuwa nimesubiri kwa hamu, nikidhani nitasikia kitu kikubwa, ushindi fulani. Alitafuna kwa macho yaliyofumbwa nusu, kama mtu anayeaminiwa na anayeamini, na mimi ushindi sikuusikia. Hata kumchafulia hakukunipa alichokuwa nacho. Bawa langu lilikaa pale mpaka mafuta yakaganda. "Muone Nanjala," senge akasema kwa upendo. "Amekua. Anaachia wenzake." Akalichukua bawa akampa Zuhura.

Siku tatu baadaye Mzee Rajabu alipita dukani suruali yake itiwe kiraka. Senge akamwambia, "Mzee, asante kwa ile jogoo ya Jumamosi." Nilikuwa kwenye cherehani ya mwisho. Mzee akanitazama, akatazama Zuhura aliyekuwa akimpimia kiraka. "Karibu, mama," akasema. Nilipomsindikiza hadi nje kumbebea fimbo yake, alisema bila kugeuka, "Mimi sitakuwa mdomo wako. Uliyemkosea utamwambia mwenyewe." Aliishi miaka mingine mingi na kila nilipopita pale kinuni alinijibu salamu vizuri kabisa, jambo ambalo lilinitesa kuliko angenitukana.

Mwisho wa mwaka Mzee Swaleh alikuja kumchukua binti yake. Zuhura alilia akimshika senge, nami nililia kwa sababu hatimaye anaondoka. Jioni tukabaki wawili, sahani moja. Nikajikaza nikamwuliza senge kile kilichonila mwaka mzima, kwa nini firigisi ilikuwa ya Zuhura. Alinishangaa kweli. "Si alikuwa mgeni?" akasema. "Mgeni ndiye anapewa firigisi. Hata kumgombeza singeweza, ni mtoto wa watu. Wewe ni wa nyumbani. Wa nyumbani anakula bawa na hasemi kitu." Alisema hivyo akipangusa sahani kwa ugali, jambo dogo lisilohitaji hata kusimama. Hapo ndipo ningemwambia. Nilisema ninataka maji, nikaenda nje nikasimama.

Miaka ikapita ikabeba kila mtu. Niliolewa Kiminini, nikafungua duka langu la ushonaji. Zuhura akawa na lake Bungoma. Tulitembeleana harusi na matanga. Senge alipozeeka alihadithia wageni, nikiwa nimekaa pale pale, kwamba mtoto wa kutuma ni Nanjala, hakumkosea hata siku moja. Kanisani dakika za kimya zilipofika, nilikuwa nikimsikia yule jogoo akikimbia majanini. Niliungama kwa Mungu mara nyingi, na nina hakika alinisamehe siku ya kwanza. Dini yangu inasema hivyo nami naiamini. Lakini ng'ombe hakuwa wa Mungu peke yake. Alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Bungoma akiwaambia watoto wake kwamba kwa nyumba ya senge hatuulizi.

Wiki tatu baada ya mazishi nilinunua jogoo, mwekundu, mkubwa iwezekanavyo, nikaenda naye Bungoma akiwa hai ndani ya kikapu. Nilimkuta Zuhura sebuleni na Salma, wanakata mapazia. Nyumba yake inanukia udi na pasi ya moto. Wakafurahi, wakanilaumu kwa kusumbuka, chai ikaletwa. Nikamwambia nina maneno. Akamtazama Salma, nikasema Salma akae, maana kwake pia nilikuwa na deni la maneno. Nikaeleza yote, kuanzia kwenye kandambili ya Mzee Rajabu mpaka kwenye ile sukari. Sikuacha kitu. Salma alikuwa ameshika mkasi bila kukata.

Zuhura alilikunja pazia lililokuwa mapajani, pembe kwa pembe. Ana uso uleule uliotulia, umezeeka tu, na hata wakati huo niliuonea wivu.

"Kuku si neno," alisema mwishoni. "Kuna masheikh wanasema nyama ya watu wa Kitabu inalika, wengine wanakataa, na aliyekula bila kujua hana dhambi. Mimi sina dhambi, Nanjala. Nimemaliza hiyo. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza Mzee Rajabu mzima, ukaniambia anawasalimia."

"Nilikuambia hivyo."

"Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Ulikuwa unanichukia?"

"Nilikuwa nakuonea wivu."

"Wivu wa nini?" Hapo sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Sikuwa na mama. Nililetwa kama mzigo nikawekwa mlangoni. Senge alikuwa anakugombeza wewe kutoka asubuhi, Nanjala hii, Nanjala ile, na mimi hajawahi kunigombeza hata nikiunguza kitambaa. Nilikuwa nalala nikitamani anigombeze. Na wewe ati ulitaka firigisi."

Mwaka mzima nilikuwa nimempimia kila kijiko, na hicho sikukipima.

"Hawa watoto nimewalea na hiyo nyumba," alisema. "Nimewaambia, kuna Mkristo mmoja duniani unaweza kula kwake ukiwa umefumba macho. Sasa niwaambie nini?"

"Senge hakujua," nikasema. "Yeye alikuchungia mpaka mwisho. Ni mimi."

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa mjini. Zuhura akainuka, akaenda kutawadha, akafunga mlango wa chumba. Tukabaki mimi na Salma na mapazia. Salma akarudi kukata kitambaa chake. Nilifikiria kuondoka. Nilikiangalia kikapu, nikajiuliza kama mtu huacha jogoo au huondoka naye. Nilimsikia Zuhura akiinama na kuinuka ng'ambo ya mlango, taratibu, magoti yakilia, na nikajikuta nimefumba macho, nikimwomba Mungu wangu kwa maneno machache ambayo mara hii hayakuwa ya kuomba kitu. Nilimwambia tu nilipo.

Alitoka akiwa na kisu. "Njoo ushike," akasema.

Tulikwenda nyuma ya nyumba. "Si unamwita kijana wa msikitini?" nikamwuliza. "Mwanamke anaruhusiwa?"

"Nani alikuambia haruhusiwi? Shika mabawa vizuri. Na uangalie, safari hii."

Alimwelekeza jogoo, akatamka "Bismillahi, Allahu Akbar," akapitisha kisu mara moja. Niliangalia. Ilichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kutunga uongo.

Kuku aliletwa mezani kwa bakuli la bluu, firigisi juu. Nilikuwa mgeni, nimetoka mbali, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Zuhura aliichukua yeye. Akaila yote, polepole, akinitazama usoni. "Hii ni yangu," akasema. "Ile ya Matisi nilidanganywa."

Salma akaniangalia aone nitafanya nini. Niliinamisha kichwa nikashukuru kwa jina la Yesu, kwa sauti ya kusikika, kama senge alivyokuwa akifanya, na wote wawili wakangoja mpaka niliposema amina. Kisha Zuhura akanisogezea bawa.

"Kula, Nanjala," akasema, "na usimwage mchuzi kwa kitambaa changu, unakula kama mtu anafukuza kuku."

Nililila lote.